Jino Lililoungwa Nazi

Si meno. Ni jino. Moja, la mbele, la juu, upande wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana jioni shoga yangu amelitangaza jambo hili kwenye kila kundi la WhatsApp alilomo, na kila linapopita mkononi mwa mtu linaota jino jingine. Asubuhi ya leo binamu yangu aliyeko Maskati amenitumia ujumbe wa sauti kunipa pole kwa "yale meno ya bibi yaliyopikwa harusini". Hapakuwa na harusi, jamani. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alizikwa na meno yake mwenyewe.

Basi ngoja niwahadithie mimi, maana mkiachiwa mpaka kesho mtaambiwa nilipika taya.

Mama mkwe alikuwa anakuja Tanga kutoka Muheza, pamoja na wifi mkubwa na wanawe. Wifi mkubwa mnamjua. Ndiye aliyekula pilau langu la Idi akasema "umejitahidi". Mama mkwe mwenyewe hana neno. Akija hubeba machungwa ya kulisha mtaa na pilipili manga ya Amani kwenye kikaratasi. Ila ana ulimi wa kuonja, huyo mama. Akilamba mchuzi anakuambia kitunguu kilitiwa mafuta hayajapata moto, na ni kweli. Safari hii aliagiza kabisa: nyama asiione, anataka adesi za nazi, wali na samaki wa kukaanga.

Adesi! Mwenzenu ninayewafundisha mapishi humu, ninayewakaripia mkitia nyanya mapema, naambiwa nipike adesi. Nilishajiona nimepita mtihani kabla karatasi haijagawiwa.

Sasa habari ya jino, kwa wale ambao ndio kwanza wanasikia kwamba si langu la kuzaliwa nalo. La kwangu liliondoka nikiwa shule ya msingi, kwenye netiboli, kwa kiwiko cha mlinzi wa timu pinzani ambaye sasa hivi anasoma hapa na anacheka. Hili ninalovaa ni la bandia, limegandishwa kwenye bamba jembamba la akriliki ya rangi ya waridi linalolala kaakaani, na pembeni lina vikulabu viwili vya waya vinavyong'ata meno ya jirani ili lisidondoke. Lilijulikana kwa mume wangu, kwa fundi aliyelitengeneza na kwa shoga yangu. Ukweni hapana. Ukweni nimecheka miaka yote hii kwa raha zangu, na jino likacheka nami.

Adui wa bamba la jino ni vitu vidogo vidogo: ufuta, mbegu za nyanya chungu, na mbaya kuliko vyote, nazi iliyokunwa. Sasa niambieni, nani anakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi mbili, halafu haonji hata chembe? Nikatupia kinywani. Nikatupia tena. Punje ikaingia chini ya bamba ikaanza kunichoma ufizi. Dawa yake ni moja tu: unalitoa, unalisuuza, unasuuza kinywa, unalirudisha. Nikalitoa. Nikalisuuza. Hapo hapo muuza samaki akapiga hodi mlangoni.

Muuza samaki wa Ngamiani hangojei mtu avae jino. Nikaliweka kwenye chombo kilichokuwa karibu nami, nikavuta upindo wa khanga mpaka puani, nikatoka.

(Nawaambia kitu cha pembeni. Nilipatana bei ya samaki changu kwa kuonyesha vidole na kutikisa kichwa tu, na yule kijana akashuka bei bila kubembelezwa. Alidhani naumwa. Kumbe siku zote ni mdomo wangu uliokuwa unamkaza.)

Nikabaki nje uani kupara samaki. Shoga yangu akafika, nikampa kazi nikiwa na magamba mpaka viwikoni: "Nichotee adethi vikombe viwili, othea, injika." Alicheka, kwa sababu yeye ni mtu wa ndani na anajua kuna pengo. Nikamwambia jino liko jikoni, nitalivaa nikishanawa.

Kile chombo nilichokiwekea jino kilikuwa kikombe cha plastiki chekundu. Ndicho kikombe changu cha kupimia. Hapa ndipo mimi na shoga yangu tunapotofautiana, na tutatofautiana mpaka kiyama. Yeye anasema kikombe kilikuwa kitupu. Mimi nasema kikombe chekundu, ndani yake bamba la waridi lililolala kifudifudi jino likiangalia chini, na mtu ana haraka ya kusimulia habari za mtaa wa pili: hakuna jicho la kuona hapo. Akachomeka kikombe kwenye mfuko wa adesi, akachota, akamimina. Na adesi zenyewe, kwa msiozijua, ni zile nyekundu, yaani zile za kahawia zilizokobolewa ganda na kupasuliwa. Mbichi huwa na rangi ya chungwa iliyopauka inayoelekea uwaridi. Huwezi kupata mahali pazuri zaidi pa kuficha akriliki ya fundi wa meno.

Na bado tungeokoka! Nimewafundisha mara ngapi namna ya kuosha adesi? Kwanza unazimwaga kwenye ungo au sinia, unazichambua kwa kidole, kwa sababu zinafika dukani na vijiwe na vijiti, na jiwe la adesi lina ukubwa na umbo la adesi yenyewe. Kisha bakulini na maji mengi, unasugua kwa kiganja, maji yanakuwa meupe ya wanga, unamwaga, unarudia mpaka yawe maangavu. Mwisho unazungusha bakuli na kuzimimina pamoja na maji kwenye sufuria kidogo kidogo, ukiziangalia zikipita, na mchanga unabaki chini ya bakuli. Mtu akizifuata hatua hizo hampiti hata unywele, sembuse jino la mtu mzima. Shoga yangu alifungulia bomba juu ya sufuria, akatikisa, akamwaga maji, akasema zimetakata.

Nikanawa nikaingia. Kikombe kimeshaoshwa, kimening'inia msumarini. Kitupu.

"Kikombe kile kilikuwa na nini?"

"Hewa."

Kwa kuwa shoga yangu alijibu bila kupepesa, nikaamini sikuliweka kikombeni. Basi likaanza msako. Tulifunua mikeka. Tulikung'uta khanga. Machicha ya nazi nikayatoa kwenye chujio nikayavuruga kwa vidole. Nikamshuku paka, nikamkamata nikamfungua kinywa, akanionyesha meno yake yote, mimi nisiye na langu. Kisha nikakumbuka kwamba nilishika kingo ya ndoo ya muuza samaki, nikamtuma shoga yangu amkimbilie. Alimpata mtaa wa tatu, akaanza kumchakurua ndoo akimuuliza kama ameona jino. Kijana wa watu akauliza: "La samaki au la mtu?"

Wageni wakafika jino halijapatikana.

Mnaosema kwa nini sikueleza tu ukweli, naomba mjaribu kwanza kumpokea mama mkwe huku mna pengo la mbele. Herufi s ikipita pale inatoka na upepo na ulimi. Sh ndiyo usiguse. F na v zinahitaji jino likae juu ya mdomo wa chini, nalo halipo. Z ni s iliyokasirika, nayo inakuaibisha vile vile. Ondoa hizo uone kama utabaki na maneno ya heshima: shikamoo imekwenda, asante imekwenda, samahani, safari, salama, zote zimekwenda. Nilibaki na "karibu", "ndiyo" na "maji?"

Shikamoo ilibidi. Nikainama sana, khanga mdomoni, nikaisema ndani ya kitambaa.

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Umenuna?" akauliza wifi mkubwa.

Nikatikisa tena. Wifi akaangalia dari. Nikajua hapo keshaandika barua nzima kichwani mwake ya kumpelekea kaka yake.

Nikakimbilia jikoni, ndiko salama. Adesi zilikuwa zimeshachemka, na humo nilikuta kazi ya kufanya, nikaifanya kwa hasira. Kwa vikombe viwili vya adesi nyekundu natia maji vikombe vinne, kwa sababu tui jepesi litakuja baadaye na vikombe vyake viwili. Ungekuwa unapika bila nazi ungetia maji yote sita. Hazihitaji kulowekwa. Dakika 15 mpaka 20 zinapasuka. Zile za kahawia zenye ganda ndizo zinazotaka nusu saa, na zikiwa za zamani zilizolala dukani zinaweza kukuchelewesha mpaka ukate tamaa. Zikianza kuchemka zinatoa povu, linapanda kwa kasi na kuzima jiko, kwa hiyo mfuniko uache upenyo na povu ulitoe kwa kijiko. Wenye sufuria za presha, msizidishe nusu ya sufuria mnapopika adesi, povu hilo huziba tundu la kutolea mvuke na hapo mtakuwa mmepika bomu.

Natoa povu, navuruga kwa mwiko, nasikia chini ya sufuria: *kla*.

Nikasimama. Nikavuruga tena. *Kla.*

Nikamgeukia shoga yangu kwa ushindi. "Thijui niliwaambia nini kuhuthu mawe!" Akasema samahani. Nikapitisha mwiko kulitafuta lile jiwe, likanikimbia kila upande. Mchuzi wa adesi zilizopasuka ni mzito na hauonyeshi chini, na mwiko ni bapa, hauchoti. Nikasema acha, jiwe halipandi juu, nitapakua kwa juu juu na la mwisho chini tutalimwaga. Naomba mlikumbuke hilo la kupakua juu juu.

Pembeni nikakaanga vitunguu viwili mpaka vikawa vya dhahabu, saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari nyembamba kijiko cha chai, manjano kijiko cha chai. Manjano huwa natia nusu. Siku hiyo nilitia kijiko kizima, nilitaka zipendeze, na mtaona kijiko hicho kilivyonilipa. Nyanya tatu juu yake, mpaka zikarojeka na mafuta yakajitenga. Ndipo nikamimina kwenye adesi, zikiwa tayari zimeshalainika, kwa sababu uchachu wa nyanya, wa ndimu au wa ukwaju hukaza adesi zisiive. Mtu anayetia nyanya mwanzoni anachemsha saa nzima halafu anamlaumu muuza duka. Likafuata tui jepesi, moto wa wastani, pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Mwisho kabisa tui zito kikombe kimoja, moto mdogo, unavuruga taratibu upande mmoja bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea na chini kunabaki vipande vipande.

Jino langu lilipitia hatua zote hizo. Hatua zote! Halikukosa hata tangawizi.

Nikiwa navuruga tui zito, huku nimeishusha khanga kidogo kwa joto, nikasikia nyuma yangu: "Mkamwana, hebu nionje."

Khanga ikapanda. Mama mkwe akauchukua upawa ukutani.

Hapa ndipo naomba mtulie, maana shoga yangu amelipitisha hili kwa sentensi moja, na mimi niliyekuwemo naliona limechukua mchana mzima.

Asiyejua kupika anaonja juu. Juu kuna tui tupu, halikuambii kitu. Mama mkwe aliuzamisha upawa mpaka ukagusa chini, akaukokota taratibu kwenye duara la sufuria. Nikasikia *kla*. Sikushtuka, nikajua ni lile jiwe, nikafikiri, Mungu wangu, atapata jiwe mbele ya wifi. Wifi mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, na mwingine amepenyeza kichwa chini ya mkono wake. Shoga yangu yuko kwenye karai la samaki. Watu wote wa kunishuhudia walishajipanga, mimi sijui kama kuna shughuli.

Upawa ukapanda. Mama mkwe akakunjua kiganja cha kushoto, akaupulizia, akainamisha. Kwanza likadondoka tui. Kisha adesi. Kisha kikatokea kitu kikasita kwenye mdomo wa upawa, kikateleza, kikatua kiganjani *pwa*.

Kilikuwa cha waridi iliyoiva. Kilikuwa kimejikunja, kwa sababu nusu saa ya maji ya moto ilikuwa imeshakipinda. Upande mmoja vilichomoza viwaya viwili vyembamba, virefu, vinavyong'aa kwa mafuta ya nazi. Mama mkwe akakiangalia. Uso wake ukafunguka.

"Eeeh! Mkamwana! Umetia na kamba!"

"Kamba?" Wifi mkubwa akasogea. "Kwenye adesi?"

"Wewe hukuwahi kula hizi. Bibi yenu wa Pangani alikuwa akizipika hivi hivi, adesi na kamba wakavu. Tangu afariki sijaziona." Akanigeukia, na macho yana maji, wallahi. "Nani kakufundisha, mwanangu?"

Mimi nilishajua. Nililijua jino langu lilipotua tu. Nafasi ya kusema ilikuwepo, pana, ungeweza kupitisha lori la mkonge. Sikusema. Sikusema kwa sababu nilikuwa nasifiwa, tena jikoni kwangu, tena wifi mkubwa anasikia. Tangu niolewe sijawahi kupata "nani kakufundisha" kutoka nyumba ile. Nikajiambia ngoja nionje sifa hii kidogo tu, atakiweka pembeni, nitakichukua kimya kimya.

Hakukiweka pembeni. Alikishika kwa vidole viwili, kwa vile viwaya, alivyoviona masharubu. Akapuliza mara ya pili. Na mnajua mwenyeji wa pwani anavyomla kamba: anaanza kwa kufyonza kichwa.

Akafyonza.

*Fyuuu.*

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Shoga yangu alikuwa amegeuka na mwiko wa samaki mkononi, amekodoa, ananiangalia mimi kisha mama mkwe kisha mimi, na nikamwona usoni jinsi kikombe chekundu kinavyomrudia kumbukumbu.

Mama mkwe akafyonza tena, akaridhika na nazi iliyokolea, akakisukuma ndani kwa kidole, akafumba mdomo, akatafuna.

*Kli.*

Taya ikasimama. Macho yakasimama. Kisha nikauona ulimi wake ukitembea ndani ya shavu: ukapita meno ya juu kutoka kulia kwenda kushoto, ukageuka, ukashuka, ukapita ya chini. Alikuwa anajihesabu. Wifi mkubwa alipomwona mama yake anajihesabu, naye akafumba mdomo akaanza kujihesabu, na yeye hajala kitu. Mama mkwe akamaliza hesabu, akaona imetimia, na hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Akakitoa. Akakifuta kwa kidole gumba. Akakigeuza.

Jino likamwangalia.

Lilikuwa la manjano. Manjano ya sherehe.

"Bibi," akasema yule mtoto wa chini ya mkono, kwa sauti ya kupendezwa kabisa, "huyo kamba ana jino la mtu."

Basi nikashusha khanga.

"Thio kamba, mama," nikasema. "Thamahani thana. Ni jino langu."

Sufuria ikawa inasema peke yake, *bwata, bwata*, na tui zito linataka kukatika, na nikanyoosha mkono nikapunguza moto, kwa sababu hata siku ya aibu mtu hupunguza moto. Mama mkwe akaliangalia pengo langu. Akaliangalia jino. Akaliangalia tena pengo, akipima, naona, kama linaenea. Akanikabidhi. Kisha, na hili shoga yangu hajalisema popote kwa sababu halimsaidii, mama mkwe akakumbuka kilichomleta jikoni. Kiganja chake bado kilikuwa na adesi. Akakilamba, akameza, akatafakari.

"Chumvi haijakolea," akasema, akatoka.

Yaliyobaki ni haraka tu. Wifi mkubwa alikula wali na samaki, akasema adesi zinamletea gesi. Watoto walikula adesi wakichimba chini ya sahani kutafuta jino la pili. Mume wangu alichelewa kurudi, hakuna aliyemwambia, akala sahani mbili akasema leo umejipita. Mama mkwe aliongezwa mara moja, na alipoondoka aliniambia nimtumie maelekezo lakini nisisahau kumwandikia kipimo cha kamba. Sijui kama alikuwa anatania. Yule mama hacheki usoni.

Jino nimelipeleka leo asubuhi kwa fundi. Nilimwambia limedondokea kwenye maji ya moto, naye akalinusa, akasema, "Yenye saumu?" Maelezo yake nawapa bure, najua wengi wenu mna ya kwenu mnayaficha. Akriliki hulegea inapokaribia joto la maji yanayochemka, na ikipoa inaganda na umbo ililolegea nalo, kwa hiyo hata mtu anayelitumbukiza kwenye maji ya birika kwa nia ya kuua vijidudu anaipinda. Maji ya kulioshea yawe ya vuguvugu au ya baridi, na brashi laini. Usiku lilale ndani ya maji, lisikauke. La kwangu halirudi tena kaakaani, linainuka upande mmoja na kukata ufizi. Itabidi achukue alama upya na kutengeneza bamba jingine. Hilo jino lenyewe anaweza kulihamisha, ila rangi.

Rangi jamani. Manjano hayayeyuki kwenye maji, yanayeyuka kwenye mafuta, na mimi nilikuwa nimeyapa tui la nazi mbili liyabebe mpaka ndani. Sabuni haikufua dafu, magadi yalifuta kidogo. Kinachoyaweza manjano ni jua, kwa sababu mwanga huivunja ile rangi. Ndiyo maana shuka iliyomwagikiwa mchuzi ukiifua na kuianika juani doa linafifia lenyewe. Hivi ninavyoandika, jino langu limeanikwa dirishani. Nimelifunika na chujio la chai na kuliwekea jiwe juu, kwa ajili ya kunguru. Mnawajua kunguru wetu, huyo akilichukua nitaanza kumweleza nani?

Kwa mnaouliza chumvi: vijiko viwili vya chai kwa kipimo hicho nilichotaja, na itiwe baada ya tui zito, ukishazima moto, kisha ndimu nusu na kotimiri. Mimi sikuwa nimeitia bado, mama mkwe alionja mapema. Alisema kweli.

Na nyinyi ambao tangu asubuhi mnaniomba nisiandike, nirekodi maelekezo ya adesi kwa sauti, eti mnaelewa vizuri mkisikia: nimewaelewa. Bamba jipya bado linatengenezwa. Mpaka hapo, kila kitu kwa maandishi.